Mwenyekiti na Chapati Iliyoungua

Selipher Nekesa hawezi kuona kitu kikifanywa vibaya akanyamaza. Ukikata kitunguu ovyo atakunyang'anya kisu. Ukisimulia habari ukaruka katikati, atakurudisha ulikotoka. Tangu anifahamu hajawahi kuingia jikoni kwangu bila kuhamisha kitu, na chumvi yangu sasa inakaa mahali alipotaka yeye. Ningekuwa na hasira za karibu ningeshamfukuza. Hasira ninazo, tena nyingi, lakini kwa Selipher huwa zinanigeuka zikawa kicheko.

Mimi ni Beverly, muuguzi katika kliniki moja ya Sharafiya, na mume wangu Hezron ni dereva. Tunaishi Ruwais, huku Jeddah, katika nyumba ya zamani yenye jiko kubwa kuliko sebule. Selipher nilimjua alipohamia huku kutoka Riyadh.

Kule Riyadh alikuwa mtaa wa Al-Naseem, kwa madam ambaye kazi yake ni kupanga mikutano ya watu wakubwa. Siku hizi Riyadh haipiti wiki bila kongamano, na madam huyo alikuwa amechoshwa na makongamano ambayo mmoja anahutubu na mia wanasinzia. Alitaka kila aliyekuja ashiriki. Kwa hiyo kila alichobuni alikijaribu kwanza nyumbani, juu ya dada zake na shangazi zake waliokuja kunywa kahawa. Selipher akiingia na birika, anawakuta mabibi wazima wamekaa duara wanarushiana mpira, na anayeudaka lazima atoe wazo. Siku nyingine ukuta mzima umebandikwa vikaratasi vya rangi, na wa kuja kuvibandua alikuwa nani kama si yeye?

"Nilikuwa nawacheka ndani kwa ndani," aliniambia. "Lakini Sister, kulikuwa na shangazi mmoja mzee, huyo hakuwa anasema kitu. Akija anakaa, akiondoka ameondoka. Siku aliyorushiwa mpira, aliongea mpaka tukachelewa kupika."

Katika Al-Naseem hiyohiyo, nyumba ya upande wa pili wa kichochoro, kulikuwa na Maryann, msichana wa Webuye. Madam zao hawakuwa wanatembeleana, kwa hiyo urafiki wa hawa wawili ulikulia kwenye pipa la takataka. Kila mmoja alijua saa ya mwenzake ya kutoa taka, na siku ambazo nyumba haina taka walitoa mfuko mtupu. Maryann ndiye aliyemfundisha Selipher Kiarabu cha jikoni. Selipher alipofiwa na mamake na hakuweza kusafiri, Maryann ndiye aliyesimama naye pale pipani wakalia, mpaka madam wakaanza kuita, huyu huku, huyu kule.

Kisha bosi wa Selipher, mume wa madam, akahamishiwa Jeddah, familia ikafungasha. Muda si mrefu Maryann akatuma ujumbe kwamba kwao pia wanahama, labda Jeddah, labda Taif, hajaambiwa. Baada ya hapo simu yake ikazima. Selipher akawa anatuma ujumbe unabaki na alama moja ya kijivu, wiki baada ya wiki. Mwanamke anayeishi nyumbani kwa watu akinyamaza hivyo, wenzake hawalali vizuri. Huwezi kujua kama ni simu imeharibika au ni yeye.

Kwa hiyo Selipher alipojiunga na umoja wetu wa Wakenya wa Ruwais, alikuja na swali moja tu. Nani amemwona Maryann?

Ungedhani ni swali la dakika moja. Hujamjua mwenyekiti wetu.

Zablon ni mtu mwema, nalisema hilo mapema kabla sijamsema. Ukiugua atakuja na ndizi. Anamwendesha mzee mmoja tajiri ambaye hazungumzi, na wiki nzima Zablon husema "naam" na "halas" basi. Maneno yote ya wiki yanajikusanya, na Ijumaa ya mkutano yanamwagika sebuleni kwangu. Tunakutana mara moja kwa mwezi baada ya swala ya Alasiri. Tunaanza kwa sala, kisha dua ya ndugu zetu Waislamu, kisha utambulisho wa wageni, hata kama mgeni hayupo. Kisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo na kumbukumbu, hotuba ya mwenyekiti, maelezo ya mwenyekiti juu ya hotuba yake, matangazo, na mwisho mengineyo. Kila Mkenya anajua kwamba mambo yenyewe hasa yako kwenye mengineyo. Sisi hatukuwahi kuyafikia. Hata matangazo tuliyasikia kwa jina tu.

Na wengi wetu ni wanawake wa kazi za nyumbani, wenye Ijumaa moja kwa mwezi, nusu yake. Dereva wa kina Selipher humshusha, na kabla ya Magharibi anapiga honi pale chini. Akichelewa kushuka, madam wake alishamwambia, Ijumaa mafi, hakuna tena. Ukimwomba Zablon afupishe, anakujibu, "Haraka haraka haina baraka," na hayo nayo anayaeleza.

Utasema, si angeuliza kwenye kundi la simu? Kundi Zablon alilifunga, msimamizi pekee ndiye anayetuma, na msimamizi ni yeye. Alisema mambo ya mtu binafsi yanachafua kundi. Selipher akamfuata ana kwa ana mlangoni, Zablon akainua kiganja kabla hata hajaambiwa jina. "Dada yangu, mambo yote yapitie kikaoni. Hiyo ndiyo heshima."

Akauliza mmoja mmoja. Vincent, anayebeba mizigo kwenye lori la kuhamisha nyumba, akasema, "Maryann? Si nilisikia Rosebellah ndiye anajua?" Rosebellah, anayelea watoto katika nyumba moja hapo karibu, akasema amuulize Hezron, madereva hujua kila kitu. Hezron wangu, bila kuinua macho kwenye simu, akasema, "Muulize Vincent." Kila mmoja alilala akijua kwamba mwingine anajua. Na mkutanoni, Selipher akijaribu kuomba nafasi, anaambiwa hilo ni la mengineyo, tutalifikia.

Miezi ikapita hivyo. Mara moja nilimkuta jikoni kwangu anasugua sufuria iliyokuwa safi. "Sister, kama amekufa je?" akauliza.

Ndipo alipokumbuka ile michezo ya mikutano ya madam wake kule Riyadh. Kikao kilichofuata alikuja na vikaratasi vya rangi ndani ya mkoba, akamwomba Zablon dakika chache, na Zablon, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na mafua, akakubali. Selipher akagawa. "Kila mtu aandike jambo moja lililo moyoni mwake. Usiandike jina."

Kule Riyadh, nasikia, watu wakiambiwa hivyo huandika mapendekezo. Mkenya ukimpa karatasi ukamwambia aandike lililo moyoni, anajua la kufanya tangu Sunday school. Tuliandika maombi. "Niombeeni goti." "Niombeeni mume wangu huko nyumbani apate akili." Mwingine aliandika, "Madam ana mimba tena, niombeeni nguvu." Hata mimi niliandika la kwangu, na halikuhusu mkutano. Zablon alipoona vikaratasi vimejaa, mafua yalimwisha. Akavikusanya kwenye kofia, akasimama, akafumba macho, na akaliombea kila ombi moja moja, goti kwa muda wake, mume kwa muda wake. Karatasi ya Selipher, iliyouliza Maryann yuko wapi, ilikuwa chini kabisa, kwa sababu ndiyo iliyotangulia kutiwa kofiani. Honi ikalia chini. Akaondoka akituangalia kwa macho ambayo yangekausha nguo.

"Ni karatasi iliyoharibu," akanipigia simu usiku ule. "Karatasi inamgeuza kila mtu kuwa mchungaji. Sasa nataka unisaidie kitu, lakini usimwambie Hezron."

Akaniambia. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Siku ya mkutano, saa moja kabla, nilichukua ndoo ya maji nikaimwaga juu ya zulia langu mwenyewe. Zulia zuri, la kutoka Makka. Watu walipofika nikawaambia bomba limepasuka, poleni sana, leo tutajibana jikoni. Hakukuwa na viti. Katikati ya meza kulikuwa na sinia la madonge ya unga, nimekanda tangu asubuhi, na kikaango kikiwa motoni.

"Karibuni," nikasema. "Mwenye nyumba leo anapika chapati, na hatapika peke yake. Kila mtu ana donge lake. Atalisukuma mwenyewe, atalitia motoni, na atazungumza chapati yake ikiwa motoni. Mimi nageuza nikiambiwa, naipua nikiambiwa. Ikitoka, amemaliza. Na kila mtu atakula aliyoipika, hata iweje."

Zablon akakunja uso. "Sister Beverly, na ajenda?"

"Ajenda imelowa, Chairman. Ilikuwa juu ya zulia."

Watu wakaangalia chini wasicheke. Mgeni na aje mwenyeji apone, husema wahenga, lakini mwenyeji akiwa na kifimbo cha kusukumia chapati, mgeni ndiye wa kuangalia apone vipi.

Itifaki ikamtaka mwenyekiti aanze, naye akaipenda itifaki kama kawaida yake. Akasukuma donge lake likawa na umbo la ramani ya nchi nisiyoijua. Akalitia motoni, akajikohoza.

"Mabibi na mabwana, itifaki yote ikiwa imezingatiwa, kwanza ningependa kuwashukuru wale waliofika, pili wale ambao hawakufika lakini wametuma radhi, na tatu wale ambao..."

"Nigeuze, Chairman?" nikauliza.

"Ngoja kwanza. Na tatu, wale ambao hawakufika na hawakutuma radhi..."

Harufu ikaanza. Rosebellah akafunika pua kwa mtandio. Hezron, mume wangu aliyenioa kwa upendo, akatoka kwenda kufungua dirisha na akabaki huko akitetemeka mabega. Moshi ulipofika usawa wa kifua cha mwenyekiti, alikuwa bado kwenye shukrani.

Niliipua. Ilikuwa nyeusi upande mmoja na mbichi upande wa pili. Nikaiweka kwenye sahani, nikamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Zablon akaiangalia, akatuangalia, akaelewa kwamba hapatakuwa na huruma. Akaenda kusimama karibu na friji, akaanza kutafuna.

Selipher hakupoteza nafasi. "Swali ni moja leo," akasema. "Maryann wa Al-Naseem, Riyadh. Yule wa Webuye. Simu yake imezima na mimi nashindwa kulala. Usiniambie fulani anajua. Niambie unachokijua wewe, hata kama ni kidogo, chapati yako ikiwa motoni."

Rosebellah akasukuma donge lake, akalitia. "Mimi sijui aliko," akasema. "Lakini wakati mmoja alinipigia akiniuliza Jeddah kukoje. Alisema mamake madam wake anaishi huku, mitaa ya karibu na bahari, na ni mgonjwa. Basi. Geuza, Sister, isiungue."

"Karibu na bahari ni wapi?" Selipher akauliza.

"Hakusema."

Vincent alikuwa wa pili. Anasukuma chapati vizuri kuliko wanawake wote pale, na anajua. "Mimi huyo Maryann sijawahi kumwona kwa macho," akaanza. "Kwa hivyo sijui kama hii ina maana. Kuna familia tulihamisha kutoka Riyadh, tukashusha mizigo hapa hapa Ruwais. Naikumbuka kwa sababu ya kasuku. Mdege mkubwa, kichwa ngumu, njia yote anaita, 'Yalla, Maryam! Yalla, Maryam!' Tulicheka tukachoka."

Selipher akashika ukingo wa meza. "Kasuku wa kijivu? Mkia mwekundu?"

"Huyo huyo."

"Ni wa madam wake! Wao humwita Maryam! Vincent, nimekuuliza tangu lini?"

"Uliniuliza kuhusu Maryann," Vincent akasema kwa unyonge. "Hukuniuliza kuhusu kasuku." Kisha akakuna kichwa. Lori huingia mitaa mingi, na nyumba yenyewe haikumbuki. Kichochoro chembamba, lango la chuma, na hayo ndiyo maelezo ya nusu ya Ruwais.

Hapo ndipo tulipoona mkono umeinuliwa karibu na friji. Ulikuwa wa mwenyekiti. Sikuwahi kumwona Zablon akiomba nafasi maishani mwangu.

"Naomba donge lingine," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapakuwa na jingine la ziada. Selipher akachukua donge lake mwenyewe akampa. Zablon akalisukuma polepole, akalitia motoni, na hakushukuru mtu yeyote.

"Maryann nilikutana naye," akasema. "Kwenye bakala, lile duka la yule Myemeni, hapo kona. Alikuwa amekuja kununua mkate. Alinisikia nikiongea Kiswahili kwa simu akanifuata. Akaniuliza kama namjua Selipher. Akasema simu yake ilipotea kwenye kuhama, ikapotea na namba zote, na kwao hatoki Ijumaa. Akasema, mwambie Selipher niko nyumba ya tatu nyuma ya bakala, lango la kijani, aje hata nimwone tu."

"Lini?" Selipher akauliza.

Zablon akaangalia kikaango. "Kabla ya Ramadhani."

Hija ilikuwa imeshapita.

"Na mbona hukusema?" Hiyo ilikuwa sauti yangu, na naambiwa ilisikika mpaka barabarani.

"Nilikuwa nimeliweka kwenye Matangazo," akasema. "Nilitaka kumtangazia mbele ya wote, kwa heshima. Kila mwezi liko pale. Kila mwezi tunaishiwa na wakati."

Mtu akacheka, sijui nani, na kicheko kikafia palepale. Nilitamani kumpiga na kile kifimbo. Nasema ukweli, mkono ulishainuka. Lakini niliuona uso wake. Alikuwa amegundua jambo hilo kwa mara ya kwanza, wakati uleule na sisi. Chapati yake niliipua ikiwa nzuri, ya madoa ya kahawia, na hakuna aliyeitaka.

Selipher alikuwa ameshavaa abaya. "Twende," akasema. "Na wewe Chairman utakuja. Wewe ndiye unajua lango."

Tulishuka watatu, mimi, yeye na Zablon. Bakala kona, nyumba ya tatu, lango la kijani. Tungerusha jiwe kutoka kwenye paa letu lingetua pale. Zablon akabonyeza kengele, akazungumza kwenye spika kwa Kiarabu chake safi cha udereva, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema kuna dada ametoka Al-Naseem kumsalimu Maryam, dakika tu. Ajuza mmoja akajibu kwa sauti ya kuchoka kwamba haya, lakini asikawie. Kwa mbali ndani tukamsikia yule kasuku.

Maryann akafungua lango nusu. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni. Alikuwa amekonda. Alimwona Selipher, na hakumkumbatia. Alibaki ameshika lango.

"Umekuja," akasema.

"Maryann, mimi..."

"Nilituma salamu kabla ya Ramadhani. Nikangoja. Nikasema labda madam hajampa ruhusa." Alikuwa anazungumza polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno siku nyingi. "Halafu nikagundua mnakutana hapo. Ijumaa ya mkutano huwa napanda juu kuanika nguo, hata kama hakuna nguo. Mnasikika mpaka huku. Nikasema nitasikia sauti ya Selipher, nijue yuko. Wewe si mtu wa kunyamaza. Lakini kila mara ni Chairman tu, Chairman, Chairman, mpaka magari yanakuja kuwachukua. Mwanzo nilisema hayuko. Baadaye nikasema yuko, na ameambiwa, na hanitaki."

Selipher akafungua mdomo. Yeye anayewarudisha watu katikati ya habari zao, yeye aliyehamisha chumvi yangu, hakutoa neno. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kule nyuma, mbele ya nyumba yetu, gari la kina Selipher lilianza kupiga honi.

Nikamtazama Zablon. Nilijiandaa kwa itifaki, na niliapa moyoni kwamba akimshukuru mtu yeyote nitamsukumia barabarani. Alivua kofia.

"Alikuwepo, Maryann," akasema. "Hajakosa hata mara moja. Kila alipotaka kukuulizia nilimkalisha chini. Mimi ndiye niliyekuwa naongea."